Jozi ya Tatu ya Macho

1

Miwani yangu ya kwanza niliinunua nikiwa jikoni, nina miaka sitini na nane na unga wa maandazi mikononi. Mkwe wangu Asila aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akanivutia kiti, akaniweka sawa mabega kama anayempiga picha bibi harusi.

"Mama, tazama hapa katikati. Usikunje uso."

"Sikunji. Ndivyo nilivyo."

Sauti ya duka ikatoka kwenye simu. Ilikuwa sauti ya mashine, lakini walioitengeneza walikuwa na adabu. Iliniamkia shikamoo, ikaniuliza jina. Nikasema Zuwena. Ikaniomba nisome herufi zilizokuwa zikitokea moja moja. Kubwa nilizisoma kwa maringo. Za katikati nilizisoma kwa kubahatisha. Ndogo zilikuwa sisimizi tu, na Asila, kwa huruma, akaanza kuninong'oneza sikioni.

"Aliye nyuma ya Bibi asimsaidie, tafadhali," sauti ikasema. "Tunayataka makosa yake. Bibi, endelea polepole. Sina haraka."

Asila akaona haya, mimi nikacheka. Lakini lile neno, sina haraka, lilinikaa moyoni. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kuniambia hivyo.

Nilikuwa nimengoja zamu yangu miaka minne. Kioo hai cha miwani hii hakichongwi, hukuzwa kama mtindi unavyogandishwa, na kinachopatikana hakiwatoshi wote. Ndiyo maana kila mtu ana mstari wake kwenye Daftari la Miwani, jozi moja kwa miaka mitano. Siku ile mstari wangu ulikuwa umefika juu.

"Swali la mwisho," sauti ikasema. "Je, utaivaa wewe peke yako?"

"Nitaivaa na nani? Pua ninayo moja."

Mashine haikucheka. Asila alibonyeza Ndiyo kwa niaba yangu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na unga.

2

Kipanga cha posta, kile kidege cha mashine, kiliitua bahasha juu ya paa siku ya Jumanne, baada ya sala ya Alasiri. Sikuifungulia nyumbani. Niliikumbatia hadi uani kwa Bi Kazija, tunakokaa kushona kofia tangu tuhamishwe kutoka pwani kuja huku Mji wa Juu.

Tuko wanawake watano. Bi Kazija ndiye mkubwa wetu, mwenye ua na mwenye birika. Raya hazungumzi sana lakini michoro ya kofia huanza kwake. Hidaya ni mpika kahawa. Mgeni ni mdomo wetu sote. Nami. Kofia zetu ni zile za mkono, za vitundu. Unatoboa kitambaa kwa sindano, kitundu kimoja baada ya kingine, kisha unakizungushia uzi kila kimoja, na kofia moja ina maelfu yake. Kwa miaka miwili wenzangu walikuwa wananipa kazi ya kukunja pindo tu, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kupapasa. Hawakusema kwa nini, wala mimi sikuuliza.

Sasa, kwetu sisi, kitu kipya hakivaliwi na mwenyewe kwanza. Khanga, saa, kiatu, kikija hupitishwa mikononi mwa wenzake, kila mmoja akijaribu na kumwombea heri. Kuvaa kimyakimya ni uchoyo, na kitu kilichovaliwa kwa uchoyo hakidumu. Kwa hiyo niliifungua bahasha, nikampa Bi Kazija miwani kabla hata sijajua inakaaje puani.

Aliivaa, akatazama juu, akatazama chini. "Uivae kwa afya," akasema, akaipeleka mkono wa kulia, kama kila kitu kinavyokwenda.

Raya aliivaa muda wa kuvuta pumzi moja, akatabasamu, akaivua. Hidaya alikuwa ameinuka kufuata vikombe, basi ikamfikia Mgeni. Na Mgeni akipata kitu usoni hakivui upesi.

"Yarabi!" akapiga kelele. "Bi Kazija! Kumbe una ndevu!"

"Ndevu zako mwenyewe!"

"Tatu! Nazihesabu! Na mimi miaka yote nakuita bibi, kumbe ningekuita sheikh!"

Tulicheka mpaka Hidaya akamwaga kahawa kwenye kisahani. Mgeni akasimama, akazunguka ua mzima na miwani yangu, akitusoma mmoja mmoja, nani ana kipele, nani amepaka wanja upande mmoja. Bi Kazija ndiye aliyemwamuru arudishe. Hidaya akaijaribu mwisho, akaniombea dua ndefu, ndipo ikaja kwangu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kusema. Sikuyasema. Niliona uzi. Niliona kila uzi wa kila kofia kwenye vikapu vyao, na ukutani niliona kwamba kile nilichodhani ni doa la unyevu ni mjusi, na anapumua.

3

Kijitabu kilieleza jinsi kioo hai kinavyofanya kazi, nami nilikisoma mwenyewe, ukurasa hadi ukurasa, kwa raha ya kusoma tu. Katikati ya vioo viwili vyembamba pana ute unaojipanga. Ukiivaa, mwanga usioonekana huingia jichoni hadi ukuta wa nyuma na kurudi na habari, na ute hujikunja au kujikunjua mpaka uone sawasawa. Kadiri unavyokaa nayo ndivyo mwanga unavyoingia ndani zaidi. Kwa siku saba miwani hujifunza. Baada ya hapo mwenyewe huthibitisha kwamba ni yake, na ute hutulia, ukawa wa macho yake hayo na si ya mtu mwingine yeyote.

Siku zile saba nilikuwa kama mtoto. Nilimwona Asila kwa karibu na nikagundua kwamba amechoka kuliko anavyosema, nikaanza kuamka mapema nimwashie jiko. Nikachukua kofia niliyoimaliza miaka miwili iliyopita, macho yakiwa yameshaanza kufifia, ile niliyosifiwa sana. Nikaigeuza. Katikati ya vitundu vyangu vilivyokwenda upande palikuwa na vitundu vingine, vimeshonwa upya kwa uzi uleule, vikifuata mkono wangu ili nisijue. Mmoja wao alikuwa amekaa saa nyingi akinirekebishia kazi, akainyamazia. Sikuuliza ni nani. Kitu kama hicho hakiulizwi.

Siku ya saba, asubuhi, barua ya duka ikaingia kwenye simu. Niliisoma mwenyewe.

*Jicho la kushoto lina presha. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umeanza kuliwa. Ugonjwa huu hauumi. Usipotibiwa jicho litapofuka, na la pili litalifuata. Nafasi yako hospitalini ni kesho saa mbili asubuhi.*

Nilikaa chini pale pale jikoni. Asila akaichukua simu, akaisoma, akanishika kichwa akakiweka tumboni mwake. Alikuwa anapika wali, na wali ukaungua, na hakuna aliyeusemea.

4

Daktari Haroub wa hospitali ya macho ni kijana mwenye mikono ya joto. Kila alipotaka kunigusa alisema kwanza, "Nakugusa sasa, Bibi." Alinitia matone, akanipulizia upepo jichoni, akaniweka kidevu kwenye mashine mbili tofauti. Akarudia yote. Kisha akavuta kiti, akakaa tukatazamana.

"Bibi Zuwena, macho yako yamezeeka."

"Najua, mwanangu. Na presha?"

"Hakuna presha. Yamezeeka tu, na yamezeeka vizuri. Mishipa yako natamani ningekuwa nayo mimi."

Asila alilia kwa sauti. Mimi nilisema alhamdulillah mara ngapi sijui. Nikajiona mwepesi, ningeweza kushuka zile ngazi nikiruka.

Lakini daktari alikuwa bado anaitazama barua ya duka. "Kioo hai hakikosei namna hii," akasema. "Huu mshipa ulioliwa kimeuona mahali. Bibi, kuna mtu mwingine aliyeivaa?"

Najua nilichokijua wakati ule. Nilikuwa nimeshawaona wote wanne uani, kila mmoja na miwani yangu puani. Lakini pia nilijua lile swali la Ndiyo, na kilichoandikwa chini yake: atakayemvalisha mwingine atairudisha, na jina lake litapelekwa mwisho wa Daftari.

"Nani ataivaa miwani ya mzee?" nikasema.

Alitikisa kichwa kwa upole, akanishika mkono hadi mlangoni. Nilimdanganya mtu aliyenishika mkono.

5

Tulipofika nyumbani, duka lilikuwa limeshaleta barua ya pili. *Hospitali inasema macho yako ni salama. Thibitisha kwamba miwani imevaliwa na wewe peke yako, nasi tutavifuta vipimo vyenye kosa na kukutulizia miwani. Una siku tatu.* Chini yake, maneno mawili: Ndiyo, Hapana.

"Bonyeza Ndiyo, mama," Asila akasema.

"Asila, tulikuwa uani. Ilipita kwa wote."

Akaelewa mara moja. Alikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwa sababu ananipenda, "Basi si uwaambie tu waende wakapimwe? Ukisema Hapana, unarudi mwisho wa foleni. Mama, una sitini na nane."

Niliona ni shauri jema. Nilikwenda uani mchana ule ule.

"Jamani," nikasema, "kuna ugonjwa wa macho usiouma. Twendeni sote tukapimwe."

"Tangu apate miwani," Mgeni akasema, "Zuwena amekuwa waziri wa afya."

"Sina mzaha."

"Mimi naona mpaka nisichotaka kuona," akasema Bi Kazija.

Hidaya ndiye aliyenitilia maanani. Alipiga simu hospitalini pale pale, tukasikiliza sote. Asiye na barua ya kioo hai wala maumivu, tukaambiwa, atapata nafasi baada ya miezi minane. Akashukuru, akakata, akarudi kwenye birika.

Miezi minane. Niliwatazama mmoja mmoja kupitia miwani ile, nione kama jicho lenye ugonjwa lina alama. Halina. Macho yao yote yalikuwa mazuri, yametulia juu ya kazi, na moja kati yake lilikuwa linazimika. Ningebonyeza Ndiyo, alama pekee iliyobaki ya jicho hilo ingefutwa kama kosa. Mkononi nilikuwa na kofia niliyoianzisha mwenyewe, kutoka kitundu cha kwanza, baada ya miaka miwili ya mapindo. Nilikuwa nimefika robo.

Nataka niseme kwamba sikusita. Nilisita siku mbili. Niliswali na ile miwani, nikala nayo, nikashona nayo haraka haraka kama mwizi. Siku ya tatu asubuhi, Asila akifua, nikaenda nikamwambia, "Nakwenda kubonyeza."

"Ipi?"

Hakungoja jibu. Alifuta mikono, akaja akasimama karibu yangu. "Nikushikie simu," akasema.

Nikabonyeza Hapana.

Kioo kikageuka cheupe usoni kwangu, kama mtu aliyemimina tui bila kelele. Nikaivua. Jikoni kukawa ni rangi tu.

6

Simu ikaita kabla sijaikunja miwani. Safari hii alikuwa binadamu, msichana wa dukani, akajitambulisha kwa jina la Khairat.

"Bibi, nalazimika kukusomea masharti. Nitasoma polepole, ukitaka nirudie nitarudia." Akasoma. Kurudisha, mwisho wa Daftari, yote. Alipomaliza akashusha pumzi. "Samahani, Bibi. Hiyo siwezi kuibadilisha."

"Si kosa lako, mwanangu. Niambie la jicho."

"Miwani ilitazama jozi tano za macho siku ya kwanza. Ya tano ni yako. Yenye presha ni ya tatu."

"Wana majina?"

"Hapana. Tunajua zamu tu."

Nikafumba macho. Kukumbuka hakuhitaji miwani. Kitu huanzia kwa mkubwa, kisha huenda kulia. Bi Kazija. Raya. Aliyeketi kulia kwa Raya siku zote ni Hidaya.

"Ni Hidaya," nikasema. Kisha nikajizuia. "Subiri. Subiri kidogo." Vikombe. Hidaya aliinuka kufuata vikombe. "Huyo wa tatu, aliivaa kwa muda gani?"

"Wengine ni sekunde chache tu. Huyu," akasoma, "ni dakika mbili na nusu. Angeivaa kama wale wengine, mwanga usingefika kwenye mshipa. Tusingeona kitu."

Dakika mbili na nusu za ndevu za Bi Kazija.

"Anaitwa Mgeni," nikasema. "Mpe nafasi yake."

"Kesho saa mbili, Bibi. Nimeshaiandika." Hakukata simu. Akasema, kwa sauti ya chini, "Watu wengi hubonyeza Ndiyo."

7

Nilimkuta Mgeni nyumbani kwake, peke yake, akichambua mchele. Nilisimama mlangoni upande wa kushoto kwake, nikatoa salamu mara mbili ndipo akageuka.

"Kumbe ni wewe! Unaingia kama paka. Miwani iko wapi?"

"Imerudi kwao."

"Umeshaivunja?"

Nikamweleza. Nilieleza yote kwa mpangilio, barua ya kwanza, daktari, uongo wangu, barua ya pili, Khairat. Nilitaraji mzaha. Aliendelea kuchambua mchele, kisha mkono wake ukasimama.

"La kushoto?" akauliza.

"La kushoto."

"Nikifumba la kulia," akasema, "natazama kama kwa kitundu cha kofia. Katikati naona, pembeni giza. Tangu Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Nilidhani ni uzee, kisha nikajua si uzee, kisha nikaacha kufumba la kulia."

"Mgeni! Na hukusema?"

"Ningesema mngenipa pindo." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Pindo ni kazi yako, Zuwena. Sikutaka kukunyang'anya."

Nikakaa naye kwenye mkeka. Akalala kwenye paja langu, mwanamke wa miaka sitini na sita, nikampapasa kichwa kwa muda mrefu mpaka mchele ukaliwa na kuku.

"Ulikuwa umefika wapi na ile kofia?" akauliza.

"Nyamaza."

"Robo?"

"Karibu nusu," nikasema. Uongo wangu wa pili kwa wiki moja, na huo siujutii.

8

Kesho yake tulikwenda watatu, mimi, Asila na yeye. Daktari Haroub aliponiona alisimama. Niliinua mkono kabla hajasema kitu.

"Mwanangu, nilikudanganya. Mtu mwenyewe ni huyu."

Alimtazama Mgeni, akanitazama mimi nisiye na miwani. "Karibuni," akasema tu. Hakuniuliza zaidi. Nimeyahesabu mema mengi maishani, na lile la kutoniuliza nimeliweka juu juu.

Alimweleza Mgeni mbele yetu, taratibu. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki, kama kimewahiwa, kitalindwa kwa matone kila siku, tone moja asubuhi na moja jioni, na mtu akazeeka nacho. Lakini ni lazima kwanza kipimwe kilichobaki, macho yote mawili, na vipimo vitachukua saa nzima.

"Na kama hakikuwahiwa?" Mgeni akauliza.

"Tupime kwanza, Bibi."

Mlango ukafungwa. Tukakaa kwenye benchi, mimi na Asila. Muuguzi alipita akaona nimejikunyata, akanivika shuka ya hospitali mabegani bila kusimama wala kungoja shukrani. Ukumbi ulikuwa mrefu na mimi sikuwa naona mwisho wake. Watu walikuja wakiwa rangi, wakawa watu walipokaribia, wakapita wakawa rangi tena. Kila mlango wa mbali ulipofunguka nilimshika Asila mkono. "Ni yeye?" "Si yeye, mama." "Na huyu?" "Bado."

Nikajifunza kusubiri kwa masikio. Viatu vya muuguzi. Gurudumu la kitanda. Mtoto anayedai maji.

Kisha mlango mmoja kule mwisho ukafunguka, Asila akanikaza vidole. Niliona kitu cha buluu kinakuja, kirefu, kinayumba kidogo, na pembeni yake kitu cheupe, daktari labda. Sikuweza kuuona uso. Kama ulikuwa umelia au haukulia, sikuweza kujua.

"Zuwena!" sauti ikatoka kwenye ile buluu, kwa kelele ambazo hazipigwi hospitalini, mpaka mtu akamnyamazisha. "Zuwena, huyu daktari wako! Anasema nitaona mpaka nichoke! Na ana chunusi puani, maskini, nimemwambia apake karafuu!"

Nikasikia daktari anacheka. Nikasikia Asila analia tena. Nami nikafungua mikono yangu pale kwenye benchi, nikaingoja ile rangi ya buluu inifikie.